Kuipima Kesi kwa Masikio ya Watu wa Kawaida: Mwongozo wa Utafiti wa Jopo kwa Mashauri ya Ardhi Dodoma

Utafiti wa jopo ni zoezi la kuwakalisha pamoja watu wasio wanasheria, kuwaeleza kesi ambayo bado haijasikilizwa, kisha kuwaacha waijadili wao kwa wao huku wewe ukinyamaza na kuandika. Chimbuko lake ni Marekani, ambako uamuzi wa kesi nyingi nzito huwa mikononi mwa juri, yaani jopo la wananchi wa kawaida walioitwa kwa kazi hiyo tu. Kwa kuwa huku kwetu hakuna juri, mawakili wengi wakisikia habari za utafiti huu huuona kuwa ni mambo ya ng'ambo yasiyotuhusu, na kwa maoni yangu wanajinyima chombo kizuri. Ile sehemu yake inayohusu kuchagua waamuzi kweli haituhusu. Lakini ile inayohusu kusikia jinsi mtu wa kawaida anavyoielewa kesi yako, anachokitilia shaka na anachotaka kuulizwa shahidi, inatuhusu sana, hasa katika migogoro ya ardhi inayofika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, ambako mwenyekiti hukaa na wazee wa baraza, yaani wananchi wanaosikiliza kesi pamoja naye na kutoa maoni yao.

Ni vizuri kujua Wamarekani walianzaje, kwa sababu historia hiyo yenyewe inaonyesha kipi cha kuchukua na kipi cha kuacha. Marekebisho ya Sita ya Katiba yao humpa mshtakiwa wa jinai haki ya kusikilizwa na juri, na Marekebisho ya Saba hulinda haki hiyo katika madai kwenye mahakama za shirikisho. Kabla ya kesi kuanza, walioitwa kwenye juri huhojiwa, na kila upande unaweza kuwakataa wachache bila kutaja sababu, ingawa tangu shauri la Batson dhidi ya Kentucky la mwaka 1986 ni marufuku kumkataa mtu kwa ajili ya rangi yake. Nafasi hiyo ya kukataa ndiyo iliyowavutia watafiti. Mwaka 1972, padri Philip Berrigan na wenzake waliokuwa wakipinga vita vya Vietnam walishtakiwa mjini Harrisburg, Pennsylvania, kwa njama ambazo upande wa mashtaka ulidai zilihusisha kumteka Henry Kissinger, mshauri wa usalama wa Rais Nixon. Mwanasosholojia Jay Schulman na wenzake waliwahoji wakazi wa eneo lile ili upande wa utetezi ujue watu wa aina gani wangeisikiliza kesi bila chuki. Mwishowe juri lilishindwa kukubaliana katika shtaka la njama: kumi waliona washtakiwa hawana hatia, wawili waling'ang'ania kwamba wanayo. Mmoja wa wawili hao alikuwa mama ambaye utetezi ulimwona salama kabisa, kwa kuwa wanawe walikuwa wamekataa kwenda vitani kwa sababu za imani.

Kwa hiyo, hata pale ambapo sheria inaruhusu kuchagua wasikilizaji, kumkisia mtu kwa familia yake, kazi yake au dini yake ni kubahatisha. Kinachoweza kupimwa kwa uhakika zaidi ni kesi yenyewe: je, inaeleweka, na inavuja wapi? Mwongozo huu unashughulikia jambo hilo moja.

Hatua ya kwanza: jua ni nani atakayekusikiliza

Anza na sheria kabla ya kutafuta watu. Katika Mahakama Kuu, marekebisho ya mwaka 2022 yaliondoa ulazima wa kusikiliza mashauri ya jinai pamoja na washauri wa mahakama, yaani wananchi wanaokaa na jaji na kumpa maoni. Mabaraza ya Kata, tangu marekebisho ya mwaka 2021, yamebakiwa na kazi ya usuluhishi katika migogoro ya ardhi. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, kwa mujibu wa kifungu cha 23 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, huundwa na mwenyekiti pamoja na wazee wa baraza wasiopungua wawili. Wazee hao hutoa maoni kabla ya hukumu. Mwenyekiti hafungwi na maoni hayo, lakini akitofautiana nayo anapaswa kuandika sababu zake. Kwa kuwa sheria zetu zimechapishwa upya katika Toleo la Urekebu la mwaka 2023, hakikisha namba za vifungu kabla ya kuzinukuu katika nyaraka zako.

Maana yake ni kwamba katika baraza unaongea na masikio ya aina mbili kwa wakati mmoja. Mwenyekiti anatafuta kama umethibitisha dai lako kwa kiwango kinachotakiwa na sheria. Mzee wa baraza anaweza kuwa amelima, amerithi, ameuza na kugombania mipaka maishani mwake, na atapima maneno ya shahidi wako kwa mambo anayojua kwamba watu hufanya. Wakili aliyejiandaa kwa sikio la kwanza tu huwa amejiandaa nusu.

Hatua ya pili: andika kesi zote mbili

Chukua hati ya madai na hati ya utetezi, toa humo mambo yanayobishaniwa, kisha andika maelezo ya kila upande kwa Kiswahili cha kawaida, kurasa mbili kwa kila upande zikitosha. Upande wa mpinzani uuandike kwa nguvu zote, kana kwamba yeye ndiye aliyekulipa. Hapa ndipo tafiti nyingi za namna hii huharibika: wakili huandika hoja za mwenzake kwa ulegevu, jopo linampa ushindi, naye anarudi ofisini na matumaini ambayo hayatavuka siku ya kwanza ya maswali ya dodoso, yaani yale ambayo shahidi huulizwa na upande wa pili.

Tutumie mfano wa kubuni. Mama mmoja anadai kwamba mwaka 2009 alinunua shamba la ekari mbili pembezoni mwa Nzuguni kwa mkataba ulioandikwa kwenye karatasi ya daftari na kushuhudiwa na mwenyekiti wa mtaa. Alilima uwele na karanga kwa miaka kadhaa, kisha akahamia kwa mwanawe Morogoro, shamba akamwachia jirani alitazame. Mdaiwa ni mtumishi aliyehamia Dodoma, mwenye barua ya toleo, yaani barua ya serikali ya kumgawia ardhi, ya kiwanja kilichopimwa ndani ya eneo hilohilo, na tayari amemwaga msingi. Aliyemuuzia mama shamba amefariki, na mtoto wa marehemu atatoa ushahidi kwamba baba yake hakuwahi kuuza, alikodisha tu.

Migogoro ya sura hii ina mizizi ya pekee hapa kwetu. Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliundwa mwaka 1973 na ikavunjwa Mei 2017, majukumu yake yakahamia halmashauri ambayo mwaka uliofuata ilipandishwa hadhi kuwa ya jiji. Kwa hiyo si ajabu jalada moja kuwa na karatasi za mtaa, karatasi za CDA na karatasi za jiji, na kila moja ikisema jambo lake. Mwanasheria huzisoma kwa mpangilio wa mamlaka. Mtu wa kawaida huuliza kwa nini serikali ipime shamba ambalo mtu analima, na wenye shamba walikuwa wapi wakati vigingi vya mawe vinachimbiwa.

Hatua ya tatu: tafuta watu wanaofaa

Watu kati ya sita na kumi na wawili wanatosha kwa kikao kimoja. Wakipungua sita, mmoja mwenye sauti kubwa huwaburuza wengine. Wakizidi kumi na wawili, baadhi hukaa kimya mpaka mwisho. Usitafute watu wanaofanana. Mkulima wa zabibu kutoka Hombolo, mwalimu mstaafu, mama lishe wa Majengo, fundi ujenzi, mtumishi aliyehamia na serikali na dereva wa bodaboda wataisikia kesi hiyo ya Nzuguni kwa namna tofauti kabisa. Mpasuko mkubwa utakaouona, kwa kesi za pembezoni mwa jiji, ni kati ya waliokulia hapa na waliokuja kununua viwanja, na ni lazima pande hizo zote ziwe mezani. Elekeza uzito kidogo kwa watu wazima wenye heshima katika mitaa yao, kwa sababu wasikilizaji wako wa baadaye watafanana nao zaidi kuliko vijana wa chuo unaoweza kuwapata kwa urahisi.

Wapo wasiopaswa kukanyaga kikao hicho. Ndugu wa mdaawa yeyote, mkazi wa mtaa wenye mgogoro, mtumishi wa baraza au mahakama, na yeyote aliye mzee wa baraza au anayeishi naye nyumba moja. Hilo la mwisho ninalisisitiza kwa nguvu zote. Kumfuata mzee wa baraza, kumtuma mtu amwonje maoni, kumwalika kahawa, hata kumsalimia kwa simu ukitaja kesi, ni kuihujumu haki na kuhatarisha leseni yako pamoja na kesi ya mteja. Hata Wamarekani, wenye uhuru mkubwa katika mambo haya, wamejiwekea mpaka: maoni rasmi ya chama chao cha mawakili ya mwaka 2014 yanaruhusu wakili kutazama kile ambacho mwanajuri amekiweka hadharani mtandaoni, lakini si kuwasiliana naye wala kumwomba urafiki kwenye mitandao. Kwetu sisi, ambao hatuna hatua ya kuchagua, hata huko kutazama hakuna kazi.

Wape washiriki nauli, chakula cha mchana na posho ya muda wao, na uwe wazi kwamba malipo hayo hayategemei wanasema nini. Usiwaambie unamwakilisha nani. Wakijua, adabu yetu itawafanya wakupendeze, na utakuwa umelipia sifa.

Hatua ya nne: linda siri

Badilisha majina ya watu, ya mtaa na namba za kiwanja. Usionyeshe kielelezo halisi chenye picha, namba ya kitambulisho au saini. Tengeneza nakala ya mfano. Mweleze mteja zoezi lote na upate ridhaa yake kwa maandishi, maana siri ni yake. Washiriki watie saini ahadi ya kutosimulia walichosikia. Ukirekodi sauti au kuandika majina na simu zao, kumbuka kwamba Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakuhusu: waambie unakusanya nini na kwa ajili gani, hifadhi kwa usalama, na futa kazi ikiisha.

Hatua ya tano: endesha kikao

Chagua mahali patulivu. Ukumbi mdogo wa parokia au chumba cha mikutano cha nyumba ya wageni kinafaa zaidi kuliko ofisi ya wakili, ambayo kuta zake zenye vitabu huwatisha watu. Mwanasheria mmoja awasilishe upande wa mdai, mwingine upande wa mdaiwa, wote kwa muda sawa na kwa ufundi unaolingana. Msimamizi awe mtu wa tatu asiyeipenda kesi upande wowote, na kama ofisi yako ina watu wawili tu, omba mwenzako wa ofisi nyingine akusaidie.

Baada ya kila uwasilishaji, kabla hawajasemezana, mpe kila mshiriki karatasi ajibu maswali machache: ameelewa nini, nani anamwamini zaidi na kwa nini, swali gani linamsumbua. Asiyeandika vizuri aulizwe pembeni na msaidizi. Maoni haya ya mtu mmoja mmoja ni ya thamani kwa sababu mjadala ukianza, anayeheshimika zaidi akisema la kwanza, wengine huanza kuitikia. Kisha waache wajadili kwa saa nzima au zaidi kama watu wanaotakiwa kutoa uamuzi mmoja. Msimamizi asiwarekebishe hata wakikosea sheria. Anayetaka kusema neno kwa Kigogo aliseme, na mwenzake atafsiri.

Hatua ya sita: sikiliza, na hapa ndipo penye kazi

Turudi kwenye kesi yetu ya kubuni. Wakili wa mama ameandaa hoja nzito kuhusu uhalali wa mkataba na mamlaka ya mwenyekiti wa mtaa. Jopo linaipita hoja hiyo kwa dakika mbili. Mama lishe anauliza: "Huyu mzee aliyeuza, mke wake siku hiyo alikuwa wapi?" Mkulima anauliza mpaka wa shamba ulikuwa nini, na akiambiwa ni mstari wa minyaa, anataka kujua nani aliipanda na kama bado ipo. Fundi anashangaa kwamba mama hakuona lori za mchanga. Mwalimu mstaafu anarudia mara kadhaa kwamba anayekodisha huwa anapokea kitu kila msimu. Je, huyo mtoto wa marehemu anaweza kuonyesha kilichopokelewa?

Hakuna hata moja kati ya maswali hayo lililokuwemo kwenye jalada, na yote yana majibu ambayo mteja anayo kichwani. Kama mjane wa muuzaji yu hai na alikuwepo siku ya mauziano, huenda ndiye shahidi muhimu kuliko wote. Kama minyaa ingali imesimama, baraza liombwe kwenda kuona eneo la mgogoro. Na swali la mwalimu limekupa swali lako la dodoso kwa shahidi wa upande wa pili.

Unaposikiliza, andika maneno yenyewe wanayotumia. Wewe umeandika "umiliki wa muda mrefu usiobughudhiwa". Wao wanasema "alikuwa analima na watu wanamwona". Kauli yao iingize kwenye maswali utakayomwuliza shahidi wako, maana ndiyo lugha atakayojibia. Andika pia mambo wanayoyaongeza wenyewe, yasiyosemwa na upande wowote. Mtu akisikia hadithi yenye tundu huliziba kwa uzoefu wake, na tundu la mama kuhamia Morogoro litazibwa na mmoja kwa kusema amelitelekeza shamba, na mwingine kwa kusema aliugua. Miaka ya 1980 watafiti Nancy Pennington na Reid Hastie walionyesha kwamba wanajuri huupanga ushahidi kuwa hadithi kabla ya kuamua, na kwamba upande ambao ushahidi wake uliletwa kwa mfuatano wa matukio uliaminika zaidi kuliko ule ambao mashahidi wake walikuja bila mpangilio huo. Kwa hiyo usiwaache wasikilizaji wazibe tundu. Ziba wewe, kwa ushahidi.

Jambo moja ambalo jopo haliwezi kukupa ni utabiri. Watu kumi si Dodoma nzima, na hawakumwona shahidi akitokwa jasho. Saba wakimpa mama ushindi, usimwambie mteja kwamba ana nafasi saba katika kumi. Hesabu ya kura iweke mwisho wa taarifa yako, au iache kabisa. Sababu zilizotajwa ndizo za kuweka mbele.

Hatua ya saba: rekebisha kesi bila kuugusa ukweli

Matokeo yakishapangwa, kaa na mteja. Panga upya mfuatano wa mashahidi ufuate wakati wa matukio. Ongeza shahidi aliyekosekana, punguza wanaorudia jambo moja. Barua ya zamani ambayo jopo halikuielewa itafutie shahidi wa kuieleza, kwa mfano ofisa anayeweza kusema nyaraka za CDA zilihamia wapi na zina nguvu gani leo. Kama jopo limefichua udhaifu usiotibika, mathalani kwamba mdaiwa amekaa wazi kwenye eneo kwa zaidi ya miaka kumi na miwili ambayo sheria ya ukomo huruhusu kudai ardhi, basi huo ndio wakati wa kuzungumzia maelewano, kabla mteja hajauza ng'ombe kulipia kesi.

Mpaka wa maadili hapa ni mmoja. Unaruhusiwa kumwandaa shahidi aeleze vizuri alichokiona. Huruhusiwi kumpa alichopaswa kukiona. Kama mjane hakumbuki kuwepo siku ya mauziano, jopo kutamani awepo hakubadilishi chochote.

Hatua ya nane: siku ya baraza

Wazee wa baraza wanaweza kuwauliza mashahidi maswali. Maswali yao yaandike neno kwa neno, uyalinganishe na yale ya jopo lako, kwa sababu yanakuonyesha mahali ambapo hadithi yako bado haijakaa, na huenda una shahidi mwingine anayeweza kujibu. Ushahidi wa pande zote ukifungwa, fuatilia maoni yao kwa makini. Kanuni ya 19(2) ya kanuni za mabaraza haya za mwaka 2003 inamtaka mwenyekiti, kabla ya hukumu, ampe kila mzee aliyekuwepo mwishoni mwa usikilizwaji nafasi ya kutoa maoni kwa maandishi, na inaruhusu yaandikwe kwa Kiswahili. Mahakama ya Rufani, katika shauri la Tubone Mwambeta dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya, ilisisitiza kwamba maoni hayo yatolewe mbele ya wadaawa, na mwenendo uliokosa utaratibu huo ulifutwa na shauri kuamriwa lianze upya. Ukiona tarehe ya hukumu inapangwa bila maoni kusomwa, simama na uombe kwa heshima kwamba yasomwe na hilo liingizwe kwenye mwenendo wa shauri siku hiyohiyo, hata kama unahisi wazee wako upande wa mpinzani wako.